Sura ya Tano: Mboga ya Machi, Mlo wa Oktoba

Mkoa wa Singida una msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili, na katika maeneo mengi ya mkoa jumla ya mvua ya mwaka mzima huwa kati ya milimita 600 na 800. Baada ya hapo hufuata miezi sita au saba ya ukavu, upepo na vumbi. Jiografia hiyo ndiyo inayopanga sahani ya mkoa mzima, kuanzia Kiomboi na Nduguti hadi Ikungi, Manyoni na Itigi. Wakati wa mvua kila kitu huja kwa mpigo: mlenda huota wenyewe shambani katikati ya uwele na mtama, mchicha na mgagani hujaa nyuma ya nyumba, kunde na maboga huwa na majani mengi kuliko mikono ya kuyachuma, na maembe huanza kuanguka tangu Desemba. Mboga wakati huo ni ya bure au ya karibu na bure. Ikifika Septemba, majani mabichi hubaki kwa wenye visima na bustani za mabondeni, fungu la nyanya linapungua ukubwa huku bei ikipanda, na kaya isiyo na fedha inakula ugali na kile kinachopatikana. Kwa hiyo mboga rahisi ya Machi haiwi rahisi kweli mpaka ifike Oktoba. Bei ya chakula cha kaya inapaswa kupimwa kwa mwaka mzima. Ukiipima hivyo utaona kwamba kazi ya kuvusha mboga kutoka masika hadi kiangazi ina faida kubwa kuliko tunavyoihesabu, na kwamba katika mkoa huu njia bora ya kuivusha ni ile ambayo watu wake wameitumia tangu zamani, yaani kukausha, ilimradi tuirekebishe mahali pawili au patatu inapokosea.

Nasema watu wake kwa sababu ujuzi huu haukuletwa na mradi wowote. Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo wa upande wa Manyoni wanakausha mboga za majani tangu kabla ya soko la mjini kuwapo. Mlenda ndio mfano ulio wazi zaidi. Majani huchumwa yakiwa machanga, huanikwa hadi yakauke kabisa, kisha hutwangwa kwenye kinu na kuchekechwa mpaka upatikane unga wa kijani kibichi uliofifia, unaohifadhiwa kwenye chungu, kibuyu au siku hizi ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Siku ya kupika, maji huchemshwa, unga hunyunyizwa kidogo kidogo huku ukikorogwa, na katika dakika chache sufuria ina mboga ya kuvutika iliyo tayari kuliwa na ugali wa uwele. Weka karanga zilizotwangwa na mlo umekamilika. Majani ya kunde na ya maboga yana njia yao: huchemshwa kwanza, huchujwa, kisha hutandazwa. Usukumani nako wana nsansa yao, Zimbabwe kuna mufushwa, na kaskazini mwa Namibia mboga za majani hupikwa, hufinyangwa kuwa mikate midogo na kukaushwa, kisha huuzwa masokoni bila muuzaji kuona haya. Watafiti wa kituo cha kimataifa cha mboga, ambacho kina tawi lake Tengeru mkoani Arusha, walipochapisha mwaka 2007 utafiti wao kuhusu mboga za asili za Tanzania, Singida ilikuwa moja ya wilaya nne walizozichagua, pamoja na Kongwa, Muheza na Arumeru. Haikuchaguliwa kwa uchache wa mboga. Nchi kavu hufundisha watu wake kuzijua mboga zao vizuri.

Tuangalie kwanza kwa nini kukausha kunafanya kazi, maana bila kuelewa hilo hatutajua pa kurekebisha. Jani bichi lina maji kama asilimia 85 hadi 90 ya uzito wake. Bakteria, ukungu na chachu vinahitaji maji hayo ili viishi, na hata vimeng'enya vya jani lenyewe, ambavyo huendelea kulivunja baada ya kuchumwa, vinahitaji unyevu ili vifanye kazi. Ukiyaondoa maji mpaka ibaki karibu asilimia 10, wote hao wamefungiwa mlango. Hesabu yake ni nyepesi. Kilo 10 za majani ya kunde yaliyoondolewa vikonyo, yakiwa na maji asilimia 88, yana kilo 1.2 tu za jani lenyewe. Yakikauka vizuri utabaki na kilo 1.3 hivi. Kilichokuwa mzigo wa gunia sasa kinaingia kwenye ndoo moja, hakihitaji friji, hakihitaji umeme, wala hakihitaji kuni zaidi ya zile za kuchemshia mara moja. Na Singida, mvua ikikatika, hewa huwa kavu na yenye upepo kiasi kwamba jani lililotandazwa vyema hukauka kwa siku moja au mbili. Watu wa pwani, wanaoishi na unyevu wa bahari mwaka mzima, wangeitamani hewa hiyo.

Kosa la njia ya zamani lipo katika jua lenyewe. Mazoea ni kuanika majani juani moja kwa moja, juu ya bati, mwamba au turubai, kwa imani kwamba jua kali ndilo linalokausha. Kinachokausha hasa ni joto na hewa inayopita. Mwanga wenyewe unaharibu. Mboga za kijani kibichi, pamoja na maembe na maboga, zina karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na karotini haivumilii mwanga wa jua pamoja na hewa kwa saa nyingi. Jani lililoanikwa juani siku mbili hufifia na kuwa la manjano yenye ukahawia, na kufifia huko ndiko kunakoonyesha kwa macho kwamba lishe imeondoka. Hili limepimwa hapa hapa nchini. Mwaka 2003 watafiti Generose Mulokozi na Ulf Svanberg walichapisha utafiti uliolinganisha mboga za majani zilizoanikwa juani kwa njia ya kienyeji na zilizokaushwa ndani ya kaushio la jua lililofunikwa, na kaushio lilihifadhi karotini nyingi zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 2000, Mulokozi na wenzake walikuwa wametoa ripoti ya kazi iliyofanyika Singida yenyewe, ambapo vikundi vya wanawake wa wilaya hiyo vilitumia makaushio yaliyoboreshwa kukaushia vyakula vyenye vitamini A. Kwa hiyo mkoa huu haujifunzi jambo hili kwa kusikia kutoka mbali. Ulikuwa uwanja wa majaribio, na ni haki yake kufaidi matokeo.

Marekebisho yanayohitajika ni madogo kiasi cha kushangaza. La kwanza ni kuosha majani na kuyachemsha kidogo kabla ya kuyaanika: maji yakiwa yanatokota, tumbukiza majani kwa dakika 3 hivi, yatoe, yamwagie maji safi ya baridi, yachuje. Hatua hiyo huua vimeng'enya ambavyo vingeendelea kula rangi, harufu na karotini hata jani likiwa kavu ghalani, na hupunguza wadudu na vijidudu vilivyokuja na udongo. Ukiweza kutumia mvuke badala ya maji, kwa kuweka majani kwenye chujio juu ya sufuria iliyofunikwa, ni bora zaidi, maana vitamini zinazoyeyuka katika maji hazitamwagwa. La pili ni kivuli au kaushio. Kaushio ni fremu ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini, yenye trei za wavu, iliyofunikwa karatasi ya plastiki, na yenye matundu chini ya kuingiza hewa na juu ya kutoa unyevu. Ndani yake joto hupanda hadi nyuzi 45 au 60, na vumbi, nzi na kuku hubaki nje. Asiye na kaushio asikate tamaa. Kichanja cha miti kilichotandikwa wavu au mkeka safi, na juu yake kitambaa cheusi chepesi kilichoinuliwa kidogo ili hewa ipite, kinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Tandaza tabaka jembamba, geuza mara mbili au tatu kwa siku, ingiza ndani jioni kabla ya umande. Jani limeiva kwa kuhifadhiwa pale linapovunjika likikunjwa, pamoja na mshipa wake wa katikati. Mshipa ukipinda bila kuvunjika, maji bado yamo.

Atatokea mtu aseme kwamba hata hivyo mboga kavu imekwisha lishe, na kwamba tunawalisha watoto majani makavu kwa jina la mboga. Hoja hii ina ukweli ndani yake na haifai kupuuzwa. Vitamini C hupotea kwa wingi: sehemu hutoka wakati wa kuchemsha, sehemu wakati wa kukausha, na sehemu wakati wa kukaa ghalani. Sehemu ya vitamini za kundi B nayo hupungua, na magadi yanayotiwa kwenye mlenda ili ulainike huongeza hasara hiyo, kwa hiyo yakitumika yawe kidogo sana. Lakini protini ya jani, kalisi, chuma na nyuzinyuzi haviruki na hewa, na karotini, kama tulivyoona, hubaki kwa kiasi cha maana mwanga ukizuiwa. Tena anayepinga analinganisha vitu visivyokutana. Analinganisha jani kavu la Oktoba na jani bichi la Machi, wakati Oktoba jani bichi halipo mezani. Ulinganisho wa haki ni kati ya sahani ya Oktoba yenye mboga kavu na sahani ya Oktoba isiyo na mboga yoyote. Hapo jibu liko wazi.

Na upungufu uliobaki una dawa iliyo jirani. Mwili hauwezi kuichukua karotini vizuri bila mafuta, na Singida ni mkoa wa alizeti. Kijiko cha mafuta hayo au konzi ya karanga katika mboga kavu si anasa, ni sehemu ya upishi wenyewe. Kuhusu vitamini C, mti wa mbuyu umetuachia tunda linalojikaushia lenyewe. Unga wa ubuyu, unaopatikana kiangazi, una vitamini C mara kadhaa ya ile ya chungwa kwa uzito ule ule, nao hauhitaji kupikwa. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta upungufu wa damu kwa wanawake 42 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa, na kwa watoto 59 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano waliopimwa. Chuma cha mimea ni kigumu kwa mwili kukichukua, lakini vitamini C hukisaidia kupita. Uji wa ubuyu au maji ya ubuyu yakinywewa pamoja na ugali na mboga kavu ya kunde ni mlo wa busara, na vyote vitatu vimetoka ndani ya mkoa.

Pingamizi la pili hutoka kwa wale wanaopenda njia za kisasa: kwa nini tusisindike kwenye chupa, tukatengeneza jamu, juisi na nyanya za kopo? Njia hizo ni nzuri mahali pake. Tangu Mfaransa Nicolas Appert alipochapisha mwaka 1810 namna ya kuhifadhi chakula kwa kukifunga ndani ya chupa na kukichemsha, dunia imekula mboga za chupa na makopo bila kikomo. Lakini Singida kuna jambo moja la kimaumbile ambalo vitabu vya mapishi kutoka nje havilisemi. Mji wa Singida uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji hutokota yakiwa na nyuzi 95 hivi badala ya 100. Chupa ya nyanya inayochemshwa kwa muda ulioandikwa kwa ajili ya mtu wa pwani haitapata joto la kutosha. Kwa mwinuko huu miongozo inataka kuongeza dakika 10 hivi. Na nyanya yenyewe haina uchachu wa kuaminika, kwa hiyo kila chupa inahitaji maji ya limau. Mboga zisizo chachu kama maharage mabichi au mchicha ni hatari zaidi. Bakteria anayetengeneza sumu ya botulizimu huishi mahali pasipo hewa, penye unyevu na pasipo uchachu wa kutosha, yaani ndani ya chupa hasa, na mbegu zake haziuawi kwa kuchemsha kwa kawaida. Zinataka nyuzi 121, ambazo hupatikana kwenye mtungi wa shinikizo tu. Yeyote asiye na mtungi huo asiweke mboga za majani kwenye chupa, hata kidogo.

Jamu nayo inasimama juu ya sukari. Ili ihifadhike inataka sukari ifike zaidi ya nusu ya uzito wake, na kila mtu anakumbuka bei ya sukari ilivyopaa nchini mwanzoni mwa 2024. Kugeuza embe la bure kuwa jamu ya gharama ni hesabu inayomfaa mfanyabiashara mwenye soko lake, wala haimfai mama mwenye watoto watano na maembe yanayooza chini ya mti. Yeye akate embe lililoiva lakini bado gumu, vipande vya unene wa nusu sentimeta, avichovye kwenye maji yenye limau na avikaushe kivulini au ndani ya kaushio. Kilo 10 za maembe zitampa kilo 1 na kitu ya vipande vitamu ambavyo mtoto atavitafuna Agosti. Maembe mabichi yaliyodondoshwa na upepo yanafaa achari: chumvi, pilipili, kitunguu saumu, limau na mafuta ya alizeti ya kufunika juu. Nyanya zikatwe nusu, zinyunyiziwe chumvi kidogo, ziwekwe upande uliokatwa ukitazama juu. Hapa lazima niseme wazi kwamba nyanya ni ngumu kuliko majani. Karibu kila kitu ndani yake ni maji, kwa hiyo kilo 10 hushuka hadi zaidi kidogo ya nusu kilo, na zinahitaji siku nyingi zaidi za kiangazi chenyewe. Zikaushwe kuanzia Mei, mvua ikiwa imekwisha na bei ikiwa bado chini.

Kitunguu kinadai maneno yake peke yake, maana ni zao linaloitangaza Singida katika masoko ya nchi, na ndicho kinachoonyesha vizuri hasara ya kutosubiri. Kitunguu hakihitaji kukatwa wala kupikwa ili kidumu. Kinahitaji kuachwa shambani mpaka majani yalale na shingo ikauke, kisha kutandazwa kivulini wiki moja au mbili mpaka maganda ya nje yawe makavu yanayolia, na baada ya hapo kuwekwa juu ya vichanja vyenye hewa, tabaka lisilozidi goti. Kikitunzwa hivyo hukaa miezi. Kinachofanyika mara nyingi ni kung'olewa kikiwa bado kibichi kwa sababu ya haraka ya fedha, kushindiliwa kwenye gunia la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo, na kuuzwa kwa bei ya siku ya soko lililofurika. Sheria ya vipimo imekataza lumbesa kwa miaka, lakini mkulima asiye na mahali pa kutunzia hana nguvu ya kukataa gunia la dalali. Kichanja kimoja cha miti nyuma ya nyumba humpa nguvu ya kusema njoo mwezi ujao.

Hapo ndipo linapoingia swali la fedha: je, si afadhali kuuza kila kitu sokoni, kisha kiangazi ununue unachotaka? Anayeuliza hivyo amesahau kwamba kaya huuza msimu ambao kila jirani anauza, na hununua msimu ambao kila jirani ananunua. Inauza chini, inanunua juu, na tofauti hiyo inaliwa na mwenye gari na ghala. Tena mlenda na majani ya kunde hayana soko la maana wakati wa mvua. Hakuna anayenunua kinachoota mlangoni kwake. Kisichokaushwa kinaachwa shambani kizeeke. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2011 kwamba katika Afrika kusini mwa Sahara karibu nusu ya matunda na mboga hupotea kabla ya kuliwa. Mkoa wenye msimu mmoja wa mvua hauwezi kuwa na uvumilivu na hasara ya namna hiyo.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la kazi. Kuchuma, kuosha, kuchemsha, kutandaza, kugeuza na kuingiza ndani ni kazi ya wanawake, na inakuja miezi ile ile ya palizi wanapokuwa wamechoka zaidi. Mtu anayehubiri ukaushaji bila kuuliza nani ataifanya kazi hiyo hajamaliza hoja yake. Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, kazi hii inaokoa kazi nyingine: jani kavu huiva kwa dakika chache kuliko maharage, hivyo huokoa kuni na maji ya miezi ambayo vyote viwili hutafutwa mbali. Pili, sehemu nzito zaidi ya kazi, yaani kutengeneza kichanja au kaushio, kuleta maji na kuingiza trei ndani jioni, haina sababu yoyote ya kumngoja mama. Baba anayejenga zizi anaweza kujenga kaushio, na kijana anayefunga kuku jioni anaweza kuingiza mboga. Kaya ambayo chakula cha Oktoba ni cha wote haina budi kuifanya kazi ya Machi iwe ya wote.

Wengine husema kwamba majani hujaa wakati ambao jua halipo. Ni kweli kwa Januari. Lakini Februari mvua za kanda ya kati mara nyingi husimama kwa siku kadhaa hadi wiki mbili, na wakulima huogopa kipindi hicho kwa ajili ya mazao yao. Mboga huweza kukaushwa katika siku hizo hizo. Kunde huendelea kutoa majani hadi Aprili, na matembele hufika hata Mei pale viazi vinapobaki ardhini. Hakuna sababu ya kuanika siku ya mawingu mazito. Mboga iliyokaushwa nusu na kuwekwa ndani ni mboga iliyokwisha kuharibika.

Sentensi hiyo ya mwisho inanipeleka kwenye hatari ya kweli, na hapa sitaki kulegeza. Mwaka 2016 watu katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara waliugua kwa sumukuvu. Wagonjwa 68 walithibitishwa kwenye uchunguzi, na 20 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi, wala si mboga kavu. Lakini somo linahusu kila chakula kinachokaushwa nyumbani: ukungu hausamehe unyevu, na sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Kwa hiyo mboga na matunda visiguse ardhi wakati wa kukauka. Vikishapoa viwekwe mara moja kwenye chombo kinachobana, kisicho na harufu na kisichopitisha mwanga. Ndoo yenye mfuniko au chupa ndani ya kabati hufaa, kiroba cha wazi hakifai. Baada ya wiki moja chombo kifunguliwe. Ukiona mvuke ukutani mwa chombo au vipande vimeshikamana, virudishwe kwenye kaushio siku hiyo hiyo. Ukiona ukungu au ukisikia harufu ya uvundo, chombo kizima kitupwe, hata kama moyo unauma. Kila chombo kiandikwe mwezi wa kukaushwa, na mboga iliwe kabla ya masika mapya kuleta nyingine.

Imebaki hoja ya wapangaji mipango, kwamba maendeleo ni umwagiliaji, vyumba vya ubaridi na viwanda, na kwamba kushikilia vichanja na vitambaa vyeusi ni kubaki nyuma. Viwanda vije, na mabwawa yachimbwe. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa kazi ya kukuza viwanda vidogo, ina ofisi Singida, na anayetaka kuuza mboga kavu nje ya kijiji anahitaji mafunzo kama yake pamoja na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ila chumba cha ubaridi hakijafika kijijini, na mtoto anayekula leo hawezi kungoja. Kinachorudisha mboga kavu nyuma zaidi kuliko ukosefu wa mitambo ni aibu tuliyoifunga kwake. Tumewafundisha vijana kwamba mlenda mkavu ni chakula cha walioshindwa kununua kabichi, ilhali kabichi, kwa karotini na kalisi, haifikii majani meusi ya kunde wala ya maboga. Walimu wa shule za msingi za mkoa huu, zinazopika makande na maharage, wanaweza kuivunja aibu hiyo haraka kuliko semina yoyote, kwa kuwa na kaushio moja uani na kuweka mboga kavu kwenye sufuria ya shule kiangazi kizima.

Anayetaka kuanza mwaka huu aanze na kunde, maana majani yake ni mengi na makosa yake ni machache. Tuchukue kaya ya watu sita inayotaka mboga kavu mara mbili kwa wiki kuanzia Julai hadi mwisho wa Novemba. Hiyo ni milo kama 44. Kwa gramu 100 za majani makavu kwa mlo, ambazo zilikuwa robo tatu ya kilo zilipokuwa mbichi, inahitajika jumla ya kilo 4.4, yaani kilo 33 hivi za majani mabichi. Ukizigawa katika wiki saba za Februari na Machi, ni chini ya kilo 5 kwa wiki, kichanja kimoja cha urefu wa kitanda, na ndoo chache zenye mfuniko.